Amri ya Saba na Mali Iliyo ya Wote

(Somo la kusomwa nyumba kwa nyumba na katika mafundisho ya Kipaimara. Someni kwanza: Kutoka 16:13–30, Mwanzo 13:1–12, Kumbukumbu la Torati 22:6–7, Zaburi 24:1–2.)



Katika mafundisho ya Kipaimara, tukiifikia amri ya saba, itukatazayo kuiba, watoto hujibu upesi. Wamjua kuku wa jirani, waijua fedha ya mama iliyofungwa katika upindo wa kanga, waijua mikorosho ya mtu. Hayo yote yana mwenyewe, na mwenyewe ana jina. Bali tukiwauliza habari za samaki walio baharini, na mikoko, na gesi iliyo chini ya ardhi, na hewa tuivutayo, wengi husita. Wengine hujibu, “Hivyo havina mwenyewe.” Wala si watoto tu wanenao hivyo. Watu wazima nao husema ufuoni ya kwamba bahari haina mlango, kila aingiaye huchukua apatacho.

Basi mwezi huu twataka kuuliza: Je, kitu kilicho cha wote chaweza kuibwa? Na kikiweza kuibwa, mwivi ni nani, naye aliyeibiwa ni nani? Swali hili si la darasani tu. Katika pwani yetu hii, toka Shangani hata Msimbati na maingilio ya mto Ruvuma, chakula cha watu wengi hutoka katika mali isiyo na ua wala kufuli. Tukilijibu vibaya, watoto wetu watakula majibu yetu.

I. Mwenye mali ni nani

Zaburi ya 24 huanza kwa kumtaja Mwenyewe: nchi na vyote viijazavyo ni vyake Bwana, naye ndiye aliyeiweka juu ya bahari. Kwa hiyo neno lile “havina mwenyewe” ni uongo tangu mwanzo. Sisi tu mawakili, na wakili huulizwa hesabu.

Tena, Dakta Martin Luther katika Katekisimo Ndogo hutufundisha ya kuwa amri hii ina pande mbili. Upande mmoja, tusichukue mali ya jirani, wala kuipata kwa hila. Upande wa pili, tumsaidie jirani kuitunza mali yake na kuiendeleza. Wengi wetu twaujua upande wa kwanza, na wa pili twausahau. Walakini katika mambo yaliyo ya wote, huo wa pili ndio wenye kazi zaidi. Maana kitu kilicho cha wote hakikukosa mwenyewe. Kina wenyewe wengi. Na wengi wao hawapo wakati tunapochukua: mwingine amelala, mwingine yuko shambani, mwingine yuko kijiji cha pili, na mwingine hajazaliwa bado. Asiyekuwapo hawezi kupiga kelele ya mwivi. Ndiyo sababu Mungu amemwekea amri badala ya sauti.

II. Samaki, matumbawe na baruti

Tuanze na bahari, kwa maana huko jambo hili laonekana kwa macho. Mwamba wa matumbawe si jiwe tu. Ni kazi ya viumbe wadogo walio hai, wajengao polepole mno; matumbawe mengine hayaongezeki zaidi ya unene wa kidole kwa mwaka mzima. Humo samaki huzaa, hujificha na kulelewa. Mtu akitupa baruti, katika kufumba na kufumbua huvunja kilichojengwa kwa miaka mingi. Hufa mkubwa na mdogo na mayai pamoja. Na wengi wa waliokufa huzama, wala mvuvi mwenyewe hawapati. Hurudi na kapu limejaa siku moja, akaacha kifusi kwa maisha ya mwanawe.

Katika Torati Mungu alimwagiza mtu aonaye kiota njiani asimchukue mama pamoja na makinda. Awachukue makinda, mama amwache aende zake. Agizo hili ni dogo, tena latuonyesha kanuni kubwa: kula matunda, usile mzizi. Baruti huua mama na makinda. Nyavu zenye macho madogo kupita kiasi hufanya vivyo hivyo, na juya likokotwalo mpaka ufuoni hung'oa majani ya bahari pamoja na dagaa. Naye akataye mikoko kwa boriti na kuni, bila kuacha wala kupanda, avunja kitalu cha kamba na samaki wadogo, tena avunja boma lizuialo mawimbi yasile nchi kavu.

Je, watu hufanya hivyo kwa ujinga? La, si mara nyingi. Mvuvi huwaza hivi: “Nikimwacha samaki huyu leo apate kukua, kesho atavuliwa na mwenzangu, basi heri nimchukue mimi.” Jirani naye huwaza neno lilo hilo, na wa tatu pia. Faida ya samaki yule ni ya mmoja, bali hasara yagawanywa kwa wote, kwa hiyo kila mmoja huiona kuwa ndogo. Wahenga walisema, Bandu bandu huisha gogo. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kuimaliza bahari, nayo yaisha.

Wala tusimhukumu maskini upesi. Kitabu cha Mithali chakiri ya kuwa mtu hamdharau mwivi aibaye kwa sababu ya njaa. Lakini chasema vilevile ya kuwa hana budi kulipa (Mithali 6:30–31). Kwa hiyo wakatazao nyavu mbovu bila kumsaidia mvuvi kupata nyavu njema wamefanya nusu ya haki. Na mvuvi apewaye nyavu njema, kisha akazitupa na kurudi kwenye baruti, naye amefanya nusu ya toba.

Tena si kweli kwamba hakuna liwezekanalo. Sheria ya nchi imekataza kuvua kwa baruti tangu mwaka 1970, walakini kwa muda mrefu sheria ilikaa katika karatasi, na mishindo ikasikika mchana kweupe. Katika miaka ya 1990 watu wa vijiji vya pwani ya Mtwara na Lindi waliungana wenyewe kwa wenyewe, wakakiita chama chao Shirikisho, wakaidai serikali iitetee bahari. Baruti ikapungua sana. Baadaye ulinzi ulipolegea, ikarudi. Na tangu mwaka 2016, serikali ilipowafuatia kwa nguvu wenye baruti, imepungua tena. Mwaka 2000 Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma iliwekwa, yenye kilomita za mraba 650 za maji, visiwa, mikoko na vijiji. Kuna malalamiko juu yake, na mengine yana haki, maana watu hawapendi kuambiwa habari za shamba lao na mgeni. Lakini mambo haya yatufundisha ya kuwa bahari hulindwa pale watu wake wanapopatana, na serikali ikawaunga mkono. Kimoja kikikosekana, kingine hakidumu.

Mfano mwingine ni wa pweza. Huko Pemba, na sehemu za Mafia na Kilwa, vijiji vimezoea kufunga baadhi ya miamba kwa miezi michache, mtu asitie mkuki. Pweza hukua upesi. Aachwaye kidogo huwa mkubwa kabla ya msimu kupita. Siku ya kufungua, wote hushuka pamoja na kupata zaidi. Hiyo ni kama Sabato ya mwamba. Mungu aliipa ardhi ya Israeli pumziko mwaka wa saba (Mambo ya Walawi 25). Watu wale waona kwa macho yao ya kuwa pumziko si hasara.

III. Gesi iliyo chini ya ardhi

Sasa twaja katika jambo gumu zaidi. Samaki huzaa, gesi haizai. Ikichomwa, imekwisha.

Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, ikakaa bila kutumiwa zaidi ya miaka ishirini, hata mnamo mwaka 2007 ikaanza kuwasha taa za Mtwara na Lindi. Kisha shauri likatoka la kuipeleka kwa bomba mpaka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zaidi ya 500. Wengi wetu twakumbuka fadhaa ya wakati ule. Mwezi wa Desemba 2012 watu waliandamana mjini. Mwezi wa Januari na mwezi wa Mei 2013 pakawa na ghasia, nyumba zikachomwa, askari wakaja, na watu wakafa. Bomba lilimalizika mwaka 2015, na gesi husafishwa Madimba kabla ya kusafirishwa.

Hatuandiki haya ili kuamsha uchungu uliolala. Twataka kuangalia swali lililoulizwa siku zile. Watu wa kusini waliuliza, “Je, gesi si yetu?” Serikali ikajibu, “Ni ya taifa zima.” Maswali hayo mawili yote yana haki ndani yake. Kusini kulikuwa kumesahauliwa kwa miaka mingi, na aliye jirani na kisima hapaswi kufa kwa kiu. Tena ni kweli ya kuwa ndugu ni ndugu, hata akikaa Mwanza. Lakini yuko mmoja ambaye jina lake halikutajwa sana katika mabishano yale, naye ni mjukuu. Wote waligombea kugawana, wachache waliuliza, “Tukiisha kuichoma, tutamwachia nini?”

Tuangalie Maandiko. Jangwani Waisraeli waliokota mana, kila mtu kadiri ya ulaji wake. Aliyekusanya nyingi hakuzidiwa, wala aliyekusanya chache hakupungukiwa. Na iliyowekwa mpaka asubuhi kwa tamaa ikaingia mabuu. Bali huko Misri Yusufu aliweka sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba, akawaokoa watu katika njaa (Mwanzo 41). Je, Maandiko yapingana? Hata kidogo. Mana iliwekwa na mtu kwa ajili ya nafsi yake, kwa kutomwamini Mungu. Nafaka ya Yusufu iliwekwa kwa ajili ya watu wote, kwa kulitii neno la Mungu. Kanuni ni moja: usile bila kukumbuka kinywa cha mwenzako, wala usile bila kuikumbuka siku isiyo yako.

Kwa hiyo gesi yafaa ihesabiwe kuwa ghala ya Yusufu. Faida yake itumike kujenga yatakayobaki nayo ikiisha: shule, hospitali, maji, na nguvu za umeme zisizokwisha, kama za jua na za upepo, ambazo pwani hii haikunyimwa. Tukiila tu, tutakuwa kama mrithi auzaye shamba apate kununua nguo za sikukuu.

Tena mji wetu una somo lake la zamani. Mtwara haukuwa mji mkubwa mpaka mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947. Kwa ajili ya karanga bandari ya maji marefu ilijengwa, na reli ikaunganisha pwani na Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, kwa maana ardhi na mvua havikuulizwa kwanza. Na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Mji ulioegemea fimbo moja huanguka siku fimbo ivunjikapo. Siku hizi malori huleta bandarini makaa ya mawe toka Ngaka, upande wa Mbinga, nayo huuzwa ng'ambo. Biashara hiyo ilikua sana tangu mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipoitia Ulaya hofu ya kukosa moto. Twashukuru kwa kila kijana apataye kazi. Walakini tuulize: shida ya watu wa mbali ikipita, tutasimama juu ya nini? Mchovya asali hachovyi mara moja. Ndiyo hatari yake.

IV. Hewa, mali kubwa kuliko zote

Makaa, mafuta na gesi, yote yakichomwa hutoa hewa ya ukaa. Gesi hutoa karibu nusu ya ile ya makaa ya mawe kwa umeme ulio sawa. Kwa hiyo ni nafuu, wala si usafi kamili. Hewa hiyo haikai juu ya nyumba ya aliyeichoma. Huenea juu ya dunia yote, ikawa kama blanketi, ikazuia joto lisitoke. Kabla ya viwanda vikubwa kuanza, katika kila sehemu milioni moja za hewa, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi. Sasa zimepita 420. Hapa tena ni habari ya mvuvi yule: faida ni ya mmoja, hasara ni ya wote.

Hasara imekwisha kutufikia. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida. Matumbawe mengi, na ya pwani yetu pamoja, yakageuka meupe na kufa, pasipo baruti. Jambo hilo likatokea tena mwaka 2016. Mwezi wa Aprili 2019 tufani iliyoitwa Kenneth ilipiga kaskazini ya Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, na watu wa Mtwara wakaamriwa kukimbilia mahali pa salama. Hatusemi ya kuwa kila tufani yatoka katika moshi wa watu. Tufani zilikuwako tangu zamani. Lakini wenye elimu hutuonyesha ya kuwa bahari yenye joto huipa tufani nguvu na mvua zaidi.

Mtu atasema, “Afrika yote haitoi hata sehemu moja ya ishirini ya moshi huo, basi waambieni wakubwa.” Ni neno la haki, na kanisa halina budi kuwaambia. Abrahamu na Lutu walipoona ya kuwa nchi haiwatoshi na wachungaji wao wanagombana, aliyekuwa mkubwa ndiye aliyemwachia mdogo achague kwanza. Mataifa yaliyotajirika kwa makaa na mafuta yangefanya kama Abrahamu, yangejizuia kwanza, tena yangetusaidia kupata nguvu zisizo na moshi. Lakini amri ya saba haikusema, “Jirani yako asiibe.” Yasema nawe. Hesabu ya mwenzangu ikiwa kubwa, hiyo haifuti yangu.

V. Yatupasayo kutenda

Kwanza, tusinunue samaki wa baruti. Mwenye kuzoea humjua: nyama yake ni laini kupita kawaida, mfupa umevunjika, na damu imevia ndani. Anunuaye humpa mwenye baruti fedha ya kesho. Akina mama washikao kapu la sokoni wana nguvu hapa kuliko askari.

Pili, waumini walio wavuvi wasikimbie mikutano ya kijiji na vikundi vya kulinda ufuo, waketi pamoja na majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika pwani hii, nao wamjua Mungu kuwa ndiye mwenye bahari. Bahari haijui tofauti ya kanisa na msikiti. Ikiharibika, sote twalala njaa.

Tatu, tuangalie jiko letu. Ni ajabu ya kuhuzunisha kwamba gesi yapita katika bomba, na nyumba nyingi karibu nalo bado zapikia kuni na mkaa, miti ikaisha na macho ya mama yakajaa moshi. Serikali mwaka 2024 ilitangaza shabaha ya kwamba, ifikapo mwaka 2034, watu themanini katika kila mia wapike kwa moto safi. Na tuidai ahadi hiyo kwa adabu na kwa bidii. Na mpaka itimie, tutumie majiko yasiyokula kuni nyingi, na kila akataye mti apande.

Nne, sharika zitoe mfano. Panapojengwa kanisa, tusitumie chokaa iliyochomwa kwa matumbawe mabichi, wala boriti za mikoko zisizo na ruhusa. Panapowezekana, taa zetu ziwashwe kwa jua.

Tano, wazee wa kanisa wawafundishe vijana kuuliza habari za fedha ya gesi: imeingia ngapi, imejenga nini. Kuuliza hesabu si uasi. Ni upande wa pili wa amri ya saba, kumsaidia jirani kuitunza mali yake.

Mtu akiona haya kuwa mazito, akumbuke ya kuwa hatuokolewi kwa kupanda mikoko. Tumeokolewa bure, kwa neema, kwa damu ya Kristo. Lakini aliyepewa bure hana sababu tena ya kunyakua. Mnyakuzi huogopa ya kuwa hakitatosha. Sisi twaomba kila siku mkate wa leo, nao twauomba kwa ajili yetu sote, hatuuombi kwa ajili ya nafsi moja. Amwombaye Baba mkate kwa ajili ya ndugu zake, kisha akawazoa samaki wa ndugu hao pamoja na mayai yao, ameomba kwa kinywa na kukana kwa mikono.

Bwana mwenye bahari na nchi kavu atupe mikono iliyo wazi, na macho ya kuwaona wasiokuwapo.

Maswali ya kuulizana

1. Nani wenyewe wa samaki walio katika maji ya kijiji chenu? Watajeni, na wale wasiozaliwa pia.
2. Mana na nafaka ya Yusufu: zatofautianaje, na zapatanaje?
3. Mvuvi mwenye watoto wenye njaa, asiye na nyavu njema: usharika wenu wampasa kumtendea nini, naye apaswa kutenda nini?
4. Gesi yetu ikiisha, mngependa wajukuu waone nini kilichojengwa nayo?
5. Ni kitu gani kimoja ambacho nyumba yako yaweza kuacha, au kuanza, kabla ya mwezi huu kwisha?